Nani Atamlea Huyo Ndama?

Mpwa wangu alinijia mbio na simu mkononi, Aprili 2025, akitaka nione watoto wawili weupe wa mbwa mwitu wakilia. Kampuni ya Colossal ya Marekani ilikuwa imetangaza kwamba imemrudisha mbwa mwitu wa kale, yule Waingereza humwita dire wolf, aliyetoweka miaka zaidi ya 10,000 iliyopita. "Umeona, mjomba? Sasa hata tembo wakiisha, watatengenezwa wengine." Kauli hiyo imenikaa kooni mpaka leo.

Wale ni mbwa mwitu wa kijivu, hawa waliopo, waliofanyiwa mabadiliko 20 kwenye vinasaba vyao. Wanapendeza kuwatazama. Lakini hawakumkuta mzee hata mmoja wa kuwaonyesha mbwa mwitu wa kale aliishi vipi, na hapo ndipo roho yangu inapokataa.

Niliwahi kufika hifadhi ya Ol Pejeta, kule Laikipia, Kenya, nikawaona Najin na Fatu. Mama na binti, vifaru weupe wa kaskazini wawili, na duniani hakuna wengine. Walikuwa wanakula, midomo ile mipana imegusa ardhi, unasikia kabisa majani yakikatika. Mama akisogea hatua mbili, binti anasogea. Mama akiinua kichwa, binti naye anainua. Pembe zimekatwa ili mjangili asizitamani, na askari wenye bunduki wanawalinda usiku na mchana. Nilisimama pale nikashindwa hata kupiga picha.

Sudan, baba yake Najin, alifariki 19 Machi 2018. Leo tumaini lote liko kwenye viinitete, yaani mimba changa kabisa zilizotungwa maabara, vilivyogandishwa na kutokana na mayai ya Fatu na mbegu za madume waliokwisha kufa. Najin alipumzishwa kutolewa mayai mwaka 2021 kwa sababu ya umri. Wote wawili hawawezi kubeba mimba, kwa hiyo itabebwa na kifaru mweupe wa kusini. Gharama yake si ndogo, na sisemi fedha tu: jike wa kwanza kushika mimba kwa njia hiyo, katika jaribio lililotumia kiinitete cha kifaru wa kusini, alikufa mwaka 2023 kwa bakteria walioibuka udongoni baada ya mvua kubwa, akiwa na kijusi cha kiume cha sentimita 6.4 tumboni.

Hata hivyo kazi hii naiunga mkono. Watafiti wanakimbizana na muda kwa sababu wanataka ndama azaliwe Najin na Fatu wakiwa hai, akae nao, awafuate, ajifunze kwao ukifaru wa kaskazini. Kuzaa si kazi, kazi kulea. Mnyama si damu peke yake! Ni namna ya kusalimiana, ya kugombana, ya kujua nani wa kumwogopa, na hayo hayakai kwenye chupa ya maabara, yanakaa kwa mama. Sasa nifikirie mamothi, wale tembo wa kale wenye manyoya, ambao kampuni hiyohiyo inatuahidi kuwatengeneza kutokana na seli za tembo wa Asia. Tembo huongozwa na bibi, anayekumbuka maji yako wapi mwaka wa ukame. Mamothi huyo bibi yake nani? Tunamleta mtoto yatima kwa makusudi, kisha tunapiga makofi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba maabara hizohizo zinaweza kuwafaa wanyama walio hai. Basi zianzie hapo. Kifaru wa kaskazini hakumalizwa na barafu wala kimondo. Porini wa mwisho walikuwa Garamba, Kongo, wakamalizwa kwa bunduki juzijuzi tu, sisi tukiwa watu wazima.

Mpwa wangu nimemwahidi kumpeleka Laikipia Desemba. Najin alizaliwa mwaka 1989, na miguu yake ya nyuma imechoka. Nataka amkute.