Siku Kompyuta Itakapogoma: Kati ya Fundi wa Dodoma na Kampuni Kubwa

Shemeji yangu, mke wa kaka, ana ofisi ndogo ya michoro ya majengo kule Nkuhungu. Kazi yake imekua kadiri Dodoma ilivyokua: tangu Serikali ilipotangaza mwaka 2016 kwamba sasa inahamia huku kwa vitendo, na zaidi baada ya mji kupewa hadhi ya jiji mwezi Aprili 2018, viwanja vimepimwa kuelekea kila upande, na kila mwenye kiwanja anayetaka kibali cha ujenzi anahitaji michoro. Hivi karibuni aliniletea karatasi mbili za bei. Ya kwanza ilitoka duka linalouza kompyuta za mezani za kampuni kubwa ya kimataifa, mashine mpya ikiwa bado ndani ya boksi lake. Ya pili iliandikwa kwa mkono na fundi wa hapa mjini, ambaye aliorodhesha vifaa saba atakavyovinunua kimoja kimoja na kuviunganisha. Jumla zilikaribiana, kama shilingi milioni 3 kila moja. Akataka nimwambie achukue ipi.

Wengi wakiulizwa swali hili hukimbilia mfano wa nguo: kompyuta ya fundi ni suti ya kushonesha, na ya kampuni ni suti iliyotundikwa dukani. Mfano huo unavutia, lakini unapotosha mahali pamoja. Fundi cherehani hukata kitambaa. Fundi wetu wa kompyuta hakati chochote. Prosesa anayoiweka, yaani ubongo wa kompyuta, ni ya Intel au AMD, na bodi kuu, ile inayochomekwa vifaa vingine vyote, mara nyingi ni ya ASUS, MSI au Gigabyte, ambazo zote ni kampuni za Taiwan. Kusema kwamba kompyuta "imetengenezwa Dodoma" ni kusema kwamba imefungwa bisibisi Dodoma. Hata hivyo, ukilifuata jambo hilo hadi mwisho wake, kampuni kubwa nazo haziko mbali na fundi kama tunavyodhani, kwa kuwa HP, Dell na Lenovo nazo hununua prosesa kwa Intel na AMD kisha hukusanya vifaa vingine kuizunguka. Kinachotofautisha pande hizi mbili ni nani aliyechagua vifaa, alimchagulia nani, na nani atakayejitokeza siku mashine itakapogoma.

Katika uchaguzi wa vifaa, karatasi ya fundi ilikuwa na nguvu zaidi, na sababu zake zinaeleweka. Programu ya kuchorea ya AutoCAD, ambayo shemeji huitumia kutwa nzima, kazi zake nyingi hutumia kiini kimoja tu cha prosesa, yaani kitengo kimoja cha kufanya hesabu, hivyo prosesa yenye viini vichache vyenye kasi humfaa kuliko yenye viini vingi vya polepole. Akishamaliza mchoro na mteja akataka kuiona nyumba yake ikiwa na rangi, vivuli na miti, mzigo huhamia kwenye kadi ya picha, na hapo mashine isiyokuwa na kadi yake yenyewe humweka mtu akisubiri hadi chai ipoe. Mashine ya dukani haikuwa na kadi hiyo, na ilikuwa na RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, ya GB 8 katika kipande kimoja. Jambo la kipande kimoja wanunuzi wengi hulipita bila kuliona. Bodi kuu nyingi zimeundwa ili zisome vipande viwili kwa pamoja, kwa hiyo ukichomeka kimoja tu unakuwa umefungua upande mmoja wa barabara ya njia mbili. Fundi alipendekeza GB 32 katika vipande viwili, pamoja na kadi ya picha. Kampuni kubwa haikukosea kuweka ilichoweka, kwa sababu imemfikiria karani, mhasibu na mwanafunzi, na watu hao ni wengi kuliko wachora ramani.

Kama hesabu ingeishia hapo, nisingekuwa na la kuandika. Niliipitia karatasi ya fundi mara ya pili na nikakuta kifaa kimoja ambacho hakikutajwa jina la mtengenezaji wala aina: "pawa saplai wati 500", basi. Pawa saplai ni kile kifaa kinachopokea umeme wa ukutani na kuugawa ndani ya kompyuta. Kwa uzoefu wangu, hapo ndipo kompyuta nyingi za kuunganishwa huharibikia, na ndipo fundi mwenye haraka hubania fedha, kwa kuwa mteja haioni pawa saplai wala haulizi habari zake. Nilimwomba anionyeshe ile aliyokusudia kuiweka. Ilikuwa nyepesi mkononi kama boksi la viatu lisilo na viatu, na wepesi huo wenyewe ni ushahidi, maana transfoma, koili za shaba na mabati ya kupozea joto vina uzito. Kisha tukasoma karatasi iliyobandikwa ubavuni. Juu iliandikwa wati 500 kwa herufi kubwa. Chini, kwenye mstari wa volti 12, iliandikwa ampia 18. Zidisha 12 kwa 18 upate 216. Kompyuta za siku hizi huchukua karibu umeme wao wote kwenye mstari huo wa volti 12, ndio unaolisha prosesa na kadi ya picha, kwa hiyo zile wati 500 zilikuwa hadithi ya kwenye karatasi. Nyuma yake palikuwa na swichi ndogo nyekundu ya kuchagua kati ya 115 na 230. Umeme wetu ni wa volti 230, na mtu akiisogeza swichi hiyo kwa bahati mbaya wakati wa kufuta vumbi, atakapowasha atasikia mlio mmoja tu.

Upande huu kampuni kubwa zina faida ambayo haiandikwi kwenye matangazo. Mashine zao hupimwa zikiwa zimekamilika, na pawa saplai inayowekwa hulingana na mzigo uliomo. Inaweza kuwa ya wati 200 tu, lakini zitakuwa wati 200 za kweli. Hili lina uzito mahali ambapo umeme hukatika na kurudi kwa kishindo. Aliyewahi kuona taa zikififia jioni mtaani kwake kisha zikang'aa kupita kiasi anajua kwamba mashine hupokea yale yale zinayoyapokea taa. UPS, ile betri ya akiba inayokaa kati ya ukuta na kompyuta, husaidia, na sikumshauri shemeji anunue mashine yoyote kati ya hizo mbili bila UPS, ila UPS haiwezi kuifanya pawa saplai dhaifu iwe imara.

Pawa saplai hiyo hiyo, hata hivyo, ndiyo inayoiumbua kampuni baada ya miaka mitatu au minne. Kompyuta nyingi zinazounganishwa na mafundi hufuata vipimo vya ATX, vilivyotolewa na Intel mwaka 1995 na kuendelezwa tangu wakati huo: matundu ya skrubu yako mahali panapojulikana, na plagi kuu ina pini 24 bila kujali imetengenezwa na nani. Kampuni kubwa, zikiwamo Dell na HP, kwa miaka mingi zimetumia katika baadhi ya mashine zao za ofisini pawa saplai zenye maumbo na plagi za kwao wenyewe. Mashine moja ya kampuni kubwa niliyokuwa nikiitumia ilizimika wiki ambayo ripoti ya robo mwaka ilikuwa inadaiwa. Fundi aliifungua, akatoa pawa saplai nyembamba na ndefu kama rula nene, akaizungusha mkononi, akaniambia, "Kaka, hii ingekuwa ya ATX ningekubadilishia saa hii hii, lakini plagi yake ni ya kwao." Dodoma haikuwapo. Kariakoo iliulizwa duka kwa duka kwa simu, haikuwapo. Hatimaye ilipatikana iliyokwisha kutumika, ikafika na basi stendi ya Nanenane, na wakati huo ripoti nilikuwa nimeshaiandikia kwenye kompyuta ya jirani. Kuanza kwa treni ya umeme ya SGR kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024 kumepunguza sana umbali kati ya fundi wa hapa na maduka ya Kariakoo, kwani anaweza kwenda na kurudi siku moja, ila treni inabeba kile kilichopo dukani. Hapo kompyuta ya fundi inashinda wazi, kwa sharti moja: iwe imeundwa kwa vifaa vya vipimo vya kawaida.

Kuhusu dhamana, pande zote mbili zina maneno mazuri kuliko matendo. Dhamana ya kampuni huwa ya mwaka mmoja au mitatu na imeandikwa, lakini mnunuzi anapaswa kuuliza kama inatambulika Tanzania, kwa sababu baadhi ya mashine zinazouzwa nchini zimeletwa na wafanyabiashara kutoka masoko mengine, na dhamana yake inaweza kuwa imebaki huko ilikotoka. Dhamana ya fundi kwa kawaida ni ya mdomo: "Ikisumbua niite, mama." Huenda fundi akawa mkweli kabisa, na mara nyingi huwa mkweli, lakini akihamia Mwanza au akibadilisha laini ya simu, ukweli wake huondoka naye. Dawa yake ni karatasi. Watengenezaji wengi wa SSD (diski ya kuhifadhia mafaili), RAM na pawa saplai nzuri hutoa dhamana kwa kila kifaa peke yake, na baadhi yake ni ndefu kuliko dhamana ya kompyuta nzima, ila haina msaada kwa mtu asiye na risiti. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nayo ina kazi ya pili kwa ofisi yenye hesabu za kupeleka TRA, mamlaka ya mapato. Fundi anayesema atapunguza bei iwapo hutadai risiti anakupunguzia pia mahali pa kusimama siku ya mgogoro.

Leseni ya Windows nitaigusia kwa kifupi, kwa kuwa hesabu yake si ngumu. Tangu enzi za Windows 8, mwaka 2012, kampuni kubwa zimekuwa zikiingiza ufunguo wa leseni ndani ya bodi kuu, kwa hiyo anayenunua mashine yao iliyo na Windows amekwisha kuilipia. Karatasi ya fundi haikuwa na mstari wa leseni. Nilipomuuliza alitabasamu, na tabasamu hilo kila mnunuzi wa kompyuta hapa nchini analijua. Ukiongeza gharama ya leseni halali, bei ya fundi inapanda, na ulinganisho wa mwanzo unakuwa haukuwa wa haki.

Kuna pia njia ya tatu, ambayo ndiyo inayotumiwa na wengi, hasa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma: mashine za ofisini zilizokwisha kutumika ughaibuni na kuletwa kwa bei nafuu. Nyingi ni imara. Lakini Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida kwa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haizikubali rasmi prosesa nyingi za Intel zilizotangulia kizazi cha 8. Anayenunua mashine hizo leo na aulize kizazi kabla ya kuuliza bei.

Kwa maoni yangu, idadi ya mashine inabadilisha jibu. Shule au ofisi inayonunua kompyuta 20 za kuandikia barua na kujaza fomu inafanya vizuri kununua za kampuni, tena za aina moja, kwa kuwa moja ikifa inakuwa ghala la spea kwa nyingine 19, na ile shida ya plagi za kipekee inapungua yenyewe. Taasisi za umma hazina hata nafasi ya kujadili sana, kwani manunuzi yao hupita katika NeST, mfumo wa Serikali wa manunuzi kwa mtandao, na huko fundi asiyesajiliwa hana mlango wa kuingilia. Mtu mwenye mashine moja yenye kazi nzito na mahususi yuko katika hali nyingine. Huyo anahitaji fedha yake iende pale kazi ilipo, na anahitaji mashine ambayo fundi yeyote wa Majengo au Makole anaweza kuifungua na kuitengeneza bila kuagiza kitu.

Shemeji alichagua ya fundi, lakini karatasi ilirekebishwa. Pawa saplai ilibadilishwa ikawekwa nyingine yenye jina, isiyo na swichi nyekundu, na leseni ikaongezwa. Ili jumla isipande sana, kesi ya kioo yenye feni za kuwaka rangi iliondolewa, ikaletwa ya bati yenye kichujio cha vumbi mbele kinachochomoka na kuoshwa, jambo ambalo kwa upepo wa Dodoma wa kiangazi si la anasa: kompyuta yake ya zamani ilipofunguliwa, vumbi jekundu lilikuwa limelala juu ya mabati ya kupozea prosesa kama kipande cha blanketi, likatoka zima kwa brashi. Fundi alisikitika kuhusu kesi. "Mama, hizi taa ndizo wateja wanazozipenda." Shemeji akamjibu kwamba anachora nyumba, hapigi disko.

Salio halikulipwa siku ile. Mashine iliachwa usiku kucha ikitengeneza picha za nyumba ya ghorofa moja, kadi ya picha na prosesa vikiwa vimelemewa, na asubuhi ikakutwa bado inafanya kazi. Ndipo fundi akageuza risiti, akaandika nyuma yake namba za utambulisho za vifaa vyote saba, kwa mkono wake, ili hata siku simu yake isipopatikana, fundi mwingine ajue ameanzia wapi.