Nilihama Njombe kwa sababu ya baridi, na hiyo ni sababu tosha

Bongo kuna sababu za kuhama mkoa ambazo hakuna mtu anakuhoji. Umepata kazi, umeolewa, umenunua shamba, hata ukisema umekimbia madeni watu wanakuelewa chap na wengine wanakuuliza ulipitia njia gani. Sasa jaribu kusema umehama kwa sababu ya baridi. Mimi nimetoka Njombe nikaja Mtwara, sababu kubwa ni baridi, na mpaka leo nina ndugu wanaoamini kuna kitu nawaficha, labda nilikosana na mwalimu mkuu, labda kuna mganga alituambia. Shangazi yangu alinipigia akasema "mwanangu, tangu lini mtu akakimbia baridi, si uvae sweta?" Shangazi jamani, masweta nilikuwa navaa mawili na koti juu, na bado Juni ikifika vidole vinavimba vinawasha mpaka chaki haishikiki.

Msimamo wangu ni huu, hali ya hewa ni sababu kamili ya kuhama, haina tofauti na mshahara. Inakula hela na inakula afya, sasa kwa nini tuione ni deko? Ila pia nawaambia wanaonipigia simu kila mwaka ikifika Juni wakitaka kunifuata, joto nalo lina bei yake na wengi hawaiulizi.

Kwa ambao hawajafika kule. Mji wa Njombe uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na ukienda Makete mpaka Kitulo unapanda zaidi, kule ni mita 2,600 na kuendelea. Kila ukipanda mita 1,000 joto linashuka kama nyuzi sita hivi, kwa hiyo kati ya Njombe na ufukwe wa Mtwara kuna tofauti ya nyuzi kumi na kitu kabla hata hujahesabu upepo na ukungu. Watu wanadhani Njombe ni baridi kwa vile iko kusini sana, hebu fungua ramani, Mtwara iko kusini zaidi ya Njombe. Ni mwinuko tu huo. Juni na Julai asubuhi Makete unakuta majani yamekuwa meupe kwa barafu, na mtoto wa darasa la kwanza anatakiwa awe njiani kwenda shule muda huo huo.

Halafu baridi ina gharama ambazo mtu wa pwani hawezi kuziona. Maji ya kuoga lazima yachemshwe, ya familia nzima, kila siku, hiyo ni kuni au mkaa au gesi. Nguo ukifua leo unaivaa keshokutwa ikiwa bado na unyevu kwenye pindo. Mablanketi mazito, soksi, kofia, buti za watoto wanaokua kila mwaka. Na lile jiko la mkaa linaloingizwa chumbani usiku, hapo sitanii kabisa. Karibu kila kipupwe tunasikia habari ya watu wamelala na jiko, madirisha yamefungwa, asubuhi hawajaamka. Ile hewa ya kaboni monoksidi haina harufu, haikuamshi. Wote tunajua na bado watu wanaingiza jiko, kwa sababu baridi ya saa tisa usiku haisikilizi semina.

Kilichotuondoa sisi hasa ni mtoto wetu wa pili. Ana pumu, na hewa ya baridi kwa mtu mwenye pumu inabana njia za hewa, kwa hiyo kuanzia Mei mpaka Agosti tulikuwa tunalala kwa zamu, mimi na baba yake, tukisikiliza kifua. Mtu akiniambia hiyo siyo sababu ya kuhama namwangalia tu.

Kuhama kwenyewe kwa mtumishi si kazi ngumu kama unatoka wanakotaka kwenda watu na kwenda wanakotoka. Nilitafuta mtu wa kubadilishana naye kituo. Kwenye yale magrupu ya walimu kila siku utakutana na tangazo, "nipo Mtwara natafuta wa kubadilishana, Njombe, Iringa, Mbeya", wanaotaka kuja huku ni wachache. Nilipoandika mimi kwamba nipo Njombe nataka Mtwara watu wakadhani nimekosea kuandika. Kumbuka tu, uhamisho wa kuomba mwenyewe hulipwi posho ya usumbufu wala ya mizigo, lori unakodi mwenyewe. Tuliuza vitu vingi, kabati la nguo tukaliacha, na mablanketi tukagawa ukoo mzima kwa furaha ambayo sijui kama ilikuwa ya adabu.

Njia siku hizi ni lami, Njombe Songea Namtumbo Tunduru Masasi mpaka Mtwara, zaidi ya kilomita 800. Wazee wanaokumbuka kile kipande cha Tunduru kikiwa tope watakwambia masika magari yalikuwa yanalala njiani. Na upande wa Dar kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa 2003 watu walikuwa wanasubiri pantoni pale Ndundu kuvuka Rufiji. Ndiyo maana kuna watu wa umri fulani ukiwaambia umehamia Mtwara wanakupa pole. Mimi nawajibu asante, mje mle korosho.

Sasa nije kwenye mtego, maana hapa ndipo watu wanapokosea hesabu. Kila anayekuja kutembea kutoka Njombe anakuja likizo ya katikati ya mwaka, kwa sababu ndiyo kipindi baridi imemchosha. Na Juni mpaka Agosti Mtwara ni tamu kupita kiasi. Kusi inavuma, mvua hakuna, mchana jua la kistaarabu, usiku unajifunika shuka moja. Wenyeji wanaita hiyo baridi. Naingia darasani Julai asubuhi nakuta watoto wamevaa masweta wamekunja mikono, mmoja ananiambia "mwalimu leo baridi kali", na hapo ni nyuzi ishirini! Nilicheka siku hiyo mpaka wakaniuliza mwalimu una nini. Sasa mgeni akiikuta Mtwara ya namna hiyo anarudi Njombe anaandika barua ya uhamisho wiki hiyo hiyo. Usifanye hivyo. Njoo Novemba, au Desemba kabla mvua hazijakaa sawa, au Januari kaskazi ikiwa inaleta joto lenye maji maji, halafu ulale kwenye nyumba ya bati isiyo na dari, umeme umekatika. Ukiamka bado unaipenda, hama.

Maana joto la Mtwara tatizo lake siyo namba. Nyuzi 31 au 32 hata Dodoma zipo. Ila huku hewa imeshiba unyevu wa bahari, jasho linatoka halikauki, na jasho lisipokauka mwili haupoi, unabaki umelowa tu na shati limekushika mgongoni saa mbili asubuhi. Miezi ya kwanza kichwa kilikuwa kinaniuma kila mchana mpaka jirani yangu, mama mtu mzima, akaniambia "mwanangu wewe unatembea saa za jua, nani amekutuma?" Nikaanza kuangalia wanavyoishi wao. Kazi nzito zinafanyika alfajiri, saa saba mchana mtu yuko barazani au chini ya mwembe, sokoni ni asubuhi au jioni, maji yananywewa muda wote. Mimi nilikuwa na mwendo wa Njombe, kule ukitembea haraka unapata joto, huku unatafuta kuzimia.

Na nyumba. Kama unatafuta ya kupanga angalia dari kwanza kabla ya kuangalia vigae, angalia madirisha kama yanapokezana upepo, uliza saa tisa alasiri jua linapiga ukuta gani. Karibu na bahari bati linaliwa na chumvi, pikipiki inaliwa, kitasa kinaganda, feni yenyewe inashika kutu. Hela niliyokuwa nanunua mkaa Njombe sasa inaingia kwenye LUKU, feni inazunguka usiku kucha. Sijasema nimeokoa hela. Nimebadilisha inakokwenda.

Malaria sasa, na hapa naomba mnisikilize vizuri. Njombe ni kati ya mikoa yenye malaria kidogo kabisa nchini, Mtwara na Lindi ziko kwenye kundi la mikoa ambayo malaria bado iko juu. Mwenyeji aliyeumwa mara nyingi tangu utotoni mwili wake una kinga kiasi, anaweza kuwa na vimelea na bado akaenda shamba. Wewe uliyekulia kwenye baridi huna kinga hiyo, ikikupiga inakupiga kweli. Kwa hiyo chandarua siyo pambo, homa yoyote ni kwenda kupima siku hiyo hiyo, siyo kumeza panado ukasubiri kesho, na mjamzito ahudhurie kliniki mapema. Na ukirudi kwenu Njombe kusalimia halafu homa ikakukamata kule, mwambie muuguzi kabisa kwamba umetoka Mtwara, asije akahangaika na nimonia. Sisi imetupata, siwezi kudanganya. Kifua cha mtoto kimetulia sana ila damu yake imeshapimwa vidole vyote.

Kingine ambacho hakuna aliyetuambia ni salfa. Mikorosho inapoanza kuchanua kuna ugonjwa unaitwa ubwiri unga, wakulima wanaupiga kwa vumbi la salfa, na kazi hiyo inaangukia ile ile miezi mizuri ya kipupwe, tena alfajiri wakati upepo umetulia. Kama una pumu ukapangiwa kijiji kilichozungukwa na mikorosho, Tandahimba kwa mfano, utaamka na lile vumbi la njano. Sisi tuko upande wa Mikindani, upepo wa bahari unatusaidia. Ningepangwa huko ndani sijui kama leo ningekuwa naandika kwa furaha hii. Na usidhani mkoa mzima una joto moja. Newala iko juu ya uwanda wa Makonde, nenda pale Shimo la Mungu Julai asubuhi uone ukungu unavyopanda kutoka bonde la Ruvuma, utatafuta sweta uliyogawa. Masasi iko bara, mchana wa Oktoba ni moto, lakini ule unyevu wa pwani kule hauko hivyo. Lindi mjini na Mtwara mjini ni ndugu.

Chakula nimezoea haraka kuliko nilivyotegemea. Mbaazi za nazi, pweza, kisamvu, na ming'oko ambayo mwanzo nilidhani ni mizizi ya dawa, kumbe inachemshwa inaliwa na watu wanaipenda balaa. Viazi mviringo vipo ila vimesafiri, na bei inakuonyesha vimesafiri. Mume wangu ni seremala, yeye ndiye aliyepoteza zaidi, kule misindano iko kila kona na mbao ni bei ya kuongea, huku inabidi afuate mbao mbali na wateja wana hela kwa msimu, minada ya korosho ikianza Oktoba kila mtu anataka kitanda, ikifika Mei anatengeneza stuli. Anasema anavumilia kwa sababu mgongo haumuumi tena. Mimi naona pia anapenda kuvaa bukta.

Lakini kitu kizito kuliko joto, malaria na salfa ni msiba. Baba mdogo alifariki usiku, tukapigiwa simu alfajiri. Ukitoka Mtwara unalala Songea, unafika Njombe kesho yake, na kwetu hawakusubiri, kwa sababu wangesubiri mpaka lini na watu wamejaa nyumbani. Tulifika wameshazika. Hakuna aliyetulaumu kwa mdomo, ila shangazi alipotupokea aliuliza huko kwenye joto mnaendeleaje, akaenda jikoni bila kungoja jibu. Tangu hapo tuna hela ya nauli ya watu wawili ambayo haiguswi hata ada ikidaiwa, na wakubwa wa ukoo tumewaambia wazi, mgonjwa akizidiwa tupigieni mapema, msingoje mpaka mwisho. Anayeniuliza kuhusu kuhama kwa sasa namuuliza kwanza wazazi wake wana umri gani na nani anakaa nao, bei ya feni tutaongea baadaye.