Kuzeekea Melini: Miaka Michache Sawa, Maisha Hapana

Huku Marekani, wanaokaribia kustaafu hawakai muda mrefu kabla mmoja hajataja kwenda kuzeekea kwenye meli za kitalii. Hoja yao ina msingi. Mwaka 2004 madaktari Lee Lindquist na Robert Golub walichapisha hesabu yao katika Journal of the American Geriatrics Society: gharama ya kuishi melini kwa miaka 20 ilikaribiana sana na ya makao ya wazee. Chakula kipo, chumba kinasafishwa, daktari yumo, na jioni hukosi wa kuongea naye. Nimewaona huku wazee wanaomaliza wiki nzima bila kubishiwa hodi. Siwezi kumlaumu anayeukimbia upweke wa namna ile.

Ila melini wewe ni abiria. Beatrice Muller, mjane wa Kimarekani, aliishi miaka kadhaa ndani ya meli ya kitalii ya QE2, lakini meli ilipoondolewa safarini mwaka 2008 baada ya kuuzwa, ilimbidi ahame. Novemba 2023 safari ya miaka mitatu ya Life at Sea ilifutwa mwezi uleule iliotakiwa kung'oa nanga. Kampuni haikuwa imepata meli, na baadhi ya abiria walishaachana na nyumba zao. Mwaka uliofuata, meli nyingine ya makazi, Villa Vie Odyssey, ilikwama Belfast kwa miezi ikifanyiwa matengenezo.

Kinachonitisha zaidi ni maradhi. Zahanati ya melini inatibu dharura, kisha mgonjwa mahututi anashushwa bandari yoyote iliyo karibu. Medicare, bima ya wazee ya hapa, hailipii matibabu meli ikiwa zaidi ya saa sita kutoka bandari ya Marekani. Na siku utakapohitaji kuogeshwa, kulishwa au kukumbushwa jina lako, hakuna mhudumu aliyeajiriwa kwa kazi hiyo. Aliye peke yake, tena, mara nyingi hutozwa karibu nauli ya watu wawili.

Nyumbani tulikotoka napo Medicare haifiki, tusidanganyane. Tofauti ni kwamba nyumbani kuna watu ambao ugonjwa wako unawahusu. Sisi tulio ughaibuni tunapenda kulisifia hilo, lakini hatusemi mzigo unamwangukia nani. Aghalabu ni binti mmoja, aliyeacha kazi au biashara yake, anayemgeuza mzee kitandani usiku, huku sisi wengine tukituma pesa ya dawa na kupongezwa kwa moyo wetu mwema. Hilo linaniuma, kwa sababu ndilo linalowafanya wengi wetu tuone aibu kurudi kuwa mzigo, tukaanza kutamani meli.

Hata huko melini, anayekutandikia kitanda mara nyingi ni mhamiaji mwenzetu, Mfilipino au Muindonesia mwenye mkataba wa miezi. Naye ana wazazi aliowaachia mtu.

Kwa hiyo aliye na nguvu na akiba, apande meli mwaka mmoja au miwili, aione dunia. Mimi mwenyewe natamani. Lakini kabla sijakata tiketi, nimewaambia ndugu zangu kwamba dada anayemlea mama alipwe mshahara kamili kila mwezi, nasi tulio nje tuchange, na apate likizo yake kama mfanyakazi mwingine yeyote. Wawili wamekubali. Waliobaki bado nawapigia simu.