Cream 2005: acheni kulalamika eti wazee wanapiga taratibu

Kuna watu ukiwatajia DVD ya Cream, ile bendi ya roki ya Uingereza ya watu watatu (Eric Clapton gita, Jack Bruce besi, Ginger Baker drams), waliporudi pamoja Royal Albert Hall mwaka 2005, wanakunja sura hapo hapo. Eti iko slo mno, eti wazee wamechoka, eti Clapton kaja na gita la Fender badala ya Gibson zake za zamani, eti 1968 ndo ilikuwa Cream yenyewe. Mi huwa nauliza swali moja tu, hiyo shoo ya 1968 umeiangalia kweli au umesimuliwa?

Maana ile shoo ya kuaga ya tarehe 26 Novemba 1968, ukumbi huo huo wa Royal Albert Hall, London, ilirekodiwa na Tony Palmer kwa ajili ya BBC na jamani video ile inaumiza macho. Kamera inavuta inaachia, inavuta inaachia, Clapton yuko kwenye solo kali wewe unaonyeshwa uso, Ginger Baker anashusha drams wewe unaonyeshwa nywele, halafu kuna jamaa anasimulia kwa sauti ya taarifa ya habari kana kwamba tuko msibani. Muziki upo, sikatai, ila kuuona huuoni.

Sasa chukua hii ya 2005, siku nne za Mei, tarehe 2, 3, 5 na 6, DVD mbili ndani ya kasha moja, na kamera zimetulia. Mwelekezaji Martyn Atkins alielewa kwamba watu watatu stejini bila kinanda, bila waitikiaji, bila mcheza shoo hata mmoja, kitu cha kuonyesha ni mikono na macho yao basi. Nyimbo zimechaguliwa kutoka usiku tofauti kwa hiyo huwezi kusema ni shoo moja mwanzo mwisho, na hilo kidogo linanikera, lakini sio kosa la kumfanya mtu aitupe.

Kinachonishangaza kwa wanaolalamika ni kwamba wanajua kabisa hao wazee walikuwa katika hali gani. Jack Bruce alipandikizwa ini mwaka 2003 kwa sababu ya kansa na nusura mwili ulikatae, yaani jamaa alikuwa wa kuzikwa, miaka miwili baadaye anashika besi na kuimba karibu shoo nzima. Baker alikuwa na miaka 65, viungo vinamuuma, katoka Afrika Kusini kwenye farasi wake wa polo. Clapton ndo alikuwa mtoto wao, 60 tu. Halafu juu ya hapo Baker na Bruce walikuwa hawapendani tangu enzi za bendi ya Graham Bond, kabla hata Cream haijaundwa 1966, walishawahi kupigana hadi stejini, na Cream yenyewe haikumaliza miaka mitatu. Baada ya kuvunjika walipanda jukwaani pamoja kama Cream mara moja tu, mwaka 1993 walipoingizwa kwenye Rock and Roll Hall of Fame, jumba la heshima la wanamuziki wa roki kule Marekani, nyimbo tatu, kila mtu kwao.

Sasa hoja yangu ni hii. Wanachokiita taratibu mimi nakiita kusikilizana. Miaka ile ya sitini walikuwa wanashindana kwa kelele, maspika ya Marshall yamepangwa kama ukuta nyuma yao, kila mtu anaongeza sauti ili amfunike mwenzake, mpaka Clapton mwenyewe amewahi kusimulia kwamba siku moja aliacha kupiga katikati ya wimbo na wale wawili hawakushtuka, wakaendelea na vita yao. Hebu fikiria, mpiga gita kanyamaza kwenye bendi ya watu watatu na hakuna aliyejua! 2005 kitu kama hicho hakiwezekani. Amplifaya ni ndogo, sauti ina nafasi, Clapton akibadili kitu kidogo tu unamuona Bruce anageuza kichwa na Baker tayari keshamjibu kwenye sneya, ile ngoma ndogo ya mbele yake. Wako kama wazee kwenye bao, hakuna anayepiga kelele ila kila kete inaonekana.

Ukitaka kunielewa nenda moja kwa moja kwenye wimbo wa We're Going Wrong. Baker kaweka pembeni vijiti vya kawaida kashika vile vyenye vichwa laini, anazunguka zile ngoma za tom polepole, duara haliishi, mikono inapita juu ya ngoma wala huoni nguvu inatoka wapi, na juu yake Bruce anapandisha sauti nyembamba inayotetemeka kidogo. Hiyo sauti ya 2005 ina nyufa, ndiyo, lakini wimbo unahusu mambo kwenda kombo, nani anataka sauti safi hapo? Toleo la zamani ni zuri, hili linaingia mfupani.

Badge nayo, ambayo Clapton aliandika na George Harrison wa Beatles, Cream hawakuwahi kuipiga jukwaani zamani kwa sababu bendi ilikuwa inakufa wakati wanairekodi. Kwa hiyo anayesema 2005 ni marudio tu ya 1968 hajaangalia hata orodha ya nyimbo. Stormy Monday ya T-Bone Walker hivyo hivyo, haikuwa kwenye repertoa yao, na ndo Clapton anaimba vizuri kuliko kote kwenye hii DVD.

Nitawapa wapinzani haki yao kwenye Crossroads, wimbo wa Robert Johnson. Ile ya ukumbi wa Winterland, San Francisco, Machi 1968, ni gari limekatika breki na bado halianguki. Ya 2005 ina adabu mno, Clapton kaipiga kwa miaka mingi na bendi zake mwenyewe hadi imekuwa kazi ya kila siku. Hapo nanyoosha mikono.

Na kwa kuwa tumegusa Crossroads, karibu nusu ya muziki huu ni bluzi ya Wamarekani weusi, Robert Johnson, Willie Dixon, Albert King, Skip James. Huyo Skip James aliurekodi I'm So Glad mwaka 1931 akasahaulika kabisa, Cream walipourudia akapata chochote kabla hajafariki 1969. Wengi hawakupata hata hicho.

Toad, wimbo wa Baker, najua mnairuka, dakika kama kumi na sehemu kubwa ni drams tupu. Msiruke. Huyu ni mtu aliyekwenda Nigeria mwaka 1971 akivuka jangwa la Sahara kwa gari, akapiga na Fela Kuti, akajenga studio Lagos, na ukimuita mpiga drams wa roki alikuwa anakasirika, yeye anajiona mtu wa jazi. Sikiliza miguu yake kwenye zile ngoma mbili kubwa za chini wakati mikono inasema kitu kingine kabisa.

Kosa lao lilikuwa kwenda New York. Oktoba mwaka huo huo, Madison Square Garden siku tatu, na ugomvi wa zamani ukarudi kama haujawahi kuondoka, Baker akalalamika Bruce kamfokea mbele za watu eti anapiga kwa nguvu mno. Wangeishia London. Sasa Bruce hayupo tangu 2014, Baker tangu 2019, kwa hiyo mjadala wa kurudi umefungwa na hii DVD ndo iliyobaki.

Kama hujawahi kuiona anza na We're Going Wrong, halafu Rollin' and Tumblin' ambapo Bruce anaacha besi anashika hamonika, halafu rudi mwanzo uangalie yote. Pressed Rat and Warthog unaweza kwenda kuchemsha chai, mimi naipenda lakini sitakulaumu.