Marashi ya Mama Mkwe

"Kaka, tufuate mstari wa zamani au wa sasa?"

Kinyozi wangu wa Tabata aliniuliza hivyo mashine ikiwa inanguruma hewani, na wala hakuwa anatania. Alikuwa anazungumzia ule mstari wa mbele, pale paji la uso linapoishia na nywele zinapoanza. Wa zamani anaujua vizuri, maana ananichonga tangu 2014. Wa sasa ulikuwa umerudi nyuma vidole vitatu kila upande, katikati kukabaki kirasi cha nywele kinachopigwa na mawimbi. Akazungusha kioo kidogo nyuma ili nijionee utosini. Kisahani cha kahawa, kabisa. Ungeweza kutulizia kikombe.

Nilikuwa na miaka 34. Baba yangu ana kipara, baba mdogo ana kipara, na babu sina uhakika kwa sababu katika picha zake zote kavaa kofia, jambo ambalo nalo ni jibu. Kwa hiyo siwezi kusema nilishtukizwa. Lakini nilimwambia kinyozi afuate wa zamani, naye kwa huruma akachonga mstari mahali ambapo hapakuwa na kitu cha kuchonga, nikalipa, nikatoka.

Dawa ya kwanza ilikuwa kitunguu maji. Mtu wa ofisini aliniapia kwamba shemeji yake alipaka juisi ya kitunguu wiki tatu nywele zikarudi kama majani ya masika. Nikakwaruza vitunguu viwili, nikakamua kwa kitambaa, nikajipaka alfajiri, nikasuuza kwa maji ya baridi, nikanusa: hamna kitu. Kumbe kitunguu hakiondoki, kinajificha kinasubiri jua. Ndani ya daladala pale Buguruni, foleni imekaza, watu tumebanana, jasho la kwanza likanitoka na harufu ikaamka nalo. Mama mmoja akafungua dirisha. Mwanafunzi akaziba pua na tai yake. Konda akatuangalia wote kisha akatangaza, "Jamani, mwenye kachumbari aifunike!" Gari zima likacheka, nami nikacheka kwa sauti kuliko wote ili nisijulikane.

Nilifanya kosa la kumsimulia mke wangu. Jioni hiyo hiyo dada zake watatu walikuwa wanayo, na mpaka leo kwenye kundi lao la WhatsApp mimi ndiye Shemeji Kachumbari. Ndiyo maana dawa ya pili niliamua itakuwa siri yangu na Mungu wangu.

Dawa ya pili ilitoka duka la dawa, na hii ilikuwa dawa kweli. Mfamasia, dada mpole mwenye miwani, alinitolea kichupa cha minoksidili ya asilimia 5, mililita 60, pamoja na kibomba kidogo cha kupimia. Haitaki cheti cha daktari. Akanieleza taratibu: mililita moja asubuhi, mililita moja usiku, kwenye ngozi ya kichwa iliyokauka, si kwenye nywele, nawa mikono ukimaliza, isitiririke usoni, usitegemee kuona kitu kabla ya miezi minne. Akaongeza kwamba siku nikiacha, zitakazokuwa zimeota nazo zitaniacha. Shilingi 35,000 kwa mwezi, milele. Nikapiga hesabu, nikaona ni kama kuoa mke wa pili asiyepika.

Tatizo likawa pa kuificha. Nyumba yetu ya vyumba vitatu ina bafu moja, na mke wangu anajua kila kilichomo humo mpaka umri wa mswaki wangu. Nikatafuta nikaona chupa ya marashi ya waridi, ya kioo, yenye picha ya ua, imekaa tupu kwenye kabati tangu Idi. Nikaisuuza, nikamimina dawa yangu humo, nikairudisha kwenye rafu ya bafuni nyuma ya sabuni za mtoto. Harufu ya waridi ilikuwa imeng'ang'ania kwenye kioo, na hiyo nikaiona kama baraka, maana ilifunika ukali wa spiriti. Nilijisifu sana siku ile. Nilijiona jasusi.

Chupa ile alituletea mama mkwe. Hilo naomba ulishike.

Wiki iliyofuata mama mkwe akashuka na basi kutoka Tanga, goti linamsumbua, kaja kliniki. Alikuja na nazi, mkungu wa ndizi na ndoo ya samaki wa kukaanga, akasema atakaa wiki mbili. Kliniki ikampangia tarehe, ikamsogezea nyingine, ikamwandikia mazoezi, na wiki mbili zikawa miezi miwili na ushee. Sina neno, ni mama wa heshima zake, mpole, na nyumba ilipendeza. Ila anayejua ukwe anajua. Tukikutana ukumbini, mimi macho kwenye zulia, "Shikamoo mama," yeye macho ukutani, "Marahaba baba, umeamkaje," basi, kila mtu anashika njia yake. Mambo makubwa yanapita kwa mke wangu kama barua zinavyopita posta.

Wiki ya tatu ya dawa, nywele zikaanza kuanguka. Si kuota. Kuanguka. Asubuhi moja nilihesabu juu ya mto wangu 43, nikaacha kuhesabu kwa ajili ya afya. Karatasi ya ndani ya boksi ilieleza kwamba mwanzoni hutokea hivyo, zile nywele zilizochoka zinasukumwa nje ili mpya zipate nafasi. Ni maelezo mazuri ukiyasoma ukiwa na nywele. Mimi nilikuwa nawafukuza wapangaji wa zamani, na wapya hata kuulizia chumba hawajaja.

Halafu dawa nayo ikawa inapungua kwa namna isiyoeleweka. Mililita 60, mbili kwa siku, hesabu ya darasa la tatu inasema siku 30. Chupa ya kwanza iliisha siku ya 14. Nikasema ni joto la Dar, spiriti inapaa. Nikanunua ya pili, nikakaza kifuniko mpaka kidole kikauma. Ikapaa tena. Ya tatu nikaichora alama kwa kalamu nyuma ya ile picha ya ua, na kila asubuhi naikuta imeshuka chini ya alama, mimi nimesimama bafuni na taulo, natazama shilingi 35,000 zikipanda mbinguni.

Wakati huo huo mama mkwe akaanza kujifunika. Kwanza ushungi ukashuka mpaka kwenye nyusi. Baadaye akawa anashika ncha ya khanga na kuivuta mpaka chini ya pua kila nikipita. Mezani hataki kukaa, anasema atakula baadaye. Nikaumia. Nikamuuliza mke wangu, "Mama nimemkosea nini?" Akanijibu "Hamna" ile ya wanawake, yenye maana kwamba kipo na hutaambiwa.

Nikaambiwa usiku wa Ijumaa, taa imezimwa, kwa mnong'ono.

"Baba Nasra, mama anaota ndevu."

"Ndevu?"

"Na sharubu. Na huku mashavuni, laini laini kama za kijana wa kidato cha pili. Anaona aibu mpaka analia."

Mke wangu alishazungumza na shangazi yake Tanga. Shangazi hakuwa na shaka hata kidogo: ni jicho la watu, waliona binti wa mama kajenga Dar. Alishamwendea shehe, na shehe alishaanza kuandaa kombe la zafarani la kunywa siku saba. Mke wangu kwa upande wake alitaka vipimo vya homoni Muhimbili. Walikuwa wamekubaliana kufanya vyote viwili, na bajeti ya vyote viwili ilikuwa inanijia mimi.

Nikalala chali, natazama dari nisiloliona. Nitasema ukweli: wazo la kwanza halikuwa huruma. Wazo la kwanza lilikuwa, yaani huyu mama wa miaka 62 anaota na mimi naporomoka? Riziki gani hii?

Saa saba za usiku nikaamka kwenda bafuni. Mlango ukafunguka, mama mkwe akatoka, khanga usoni, akapita kando ya ukuta kwa heshima zake. Na harufu yake ikapita nami. Waridi, na chini ya waridi, spiriti.

Mama mkwe alikuwa ananukia mimi.

Sikulala tena. Kila kitu kilijipanga chenyewe kama shanga: chupa yake ya zawadi, kaikuta rafuni imejaa, kafurahi kwamba wanawe wanaitunza, na kila usiku baada ya kuoga anamimina kiganjani na kujipigapiga usoni. Si mililita moja. Kiganja.

Asubuhi duka la dawa halijamaliza kufungua nikawa mlangoni. Nikamwambia dada wa miwani kuwa kuna rafiki yangu, mama mzazi wa mke wake amejipaka ile dawa usoni kwa bahati mbaya. Akavua miwani. Rafiki yako, eeh. Amepaka siku ngapi? Kama sitini. Akakaa chini. Akaniambia uso wa mwanamke unaitikia dawa hiyo upesi sana, ndiyo maana inatakiwa isitiririke; akiacha, baada ya miezi michache zitapukutika zenyewe. Nikapumua. Kisha akauliza: "Ana presha?"

Hapo ndipo nilipojifunza nilichopaswa kukijua mapema. Dawa hii ilizaliwa ikiwa kidonge cha presha. Marekani walikiruhusu 1979 kwa wenye presha sugu, na wagonjwa waliokimeza walikuwa wakiota nywele mikononi na usoni, hata wale waliokuwa hawazitaki. Wajanja wakaona biashara, wakaifanya ya kupaka. 1988 ikaruhusiwa kwa vipara, na 1996 ikaanza kuuzwa kule bila cheti. Ukiipaka kupita kiasi, nyingine inaingia mwilini; presha inaweza kushuka, kichwa kikazunguka, moyo ukaenda mbio. "Aache leo, na apimwe leo," akasema dada, safari hii bila upole.

Mama mkwe ana presha. Anameza dawa kila asubuhi. Kwa hiyo pale hapakuwa tena na njia ya kuitoa ile chupa kimyakimya na kuacha kombe lipewe sifa, ingawa sitakudanganya, kwenye bodaboda ya kurudi niliifikiria njia hiyo kwa kilomita nzima.

Nilianza na mke wangu, kama itifaki inavyotaka. Alisikiliza mpaka neno "chupa", akashika ukuta, akateremka nao taratibu mpaka sakafuni, akacheka bila sauti machozi yakimtiririka. Nikamwomba anifikishie ujumbe kwa mama. Akapata pumzi ya kusema maneno mawili tu: "Kaseme mwenyewe."

Basi nikakaa ukumbini, ncha ya kiti, macho kwenye zulia. Zulia lile lina maua 16 kwa upana, nalijua. Mama mkwe amekaa mkekani, khanga chini ya pua.

"Mama, naomba radhi. Yale marashi ya bafuni… si marashi."

Kimya.

"Ni dawa yangu. Ya nywele. Nilitia kwenye chupa yako."

Kimya kirefu. Feni ikazunguka. Mke wangu, aliyejibanza nyuma ya pazia la mlango, akatoa sauti kama birika.

"Ya kuotesha?" akauliza mama mkwe.

"Ya kuotesha, mama."

Akashusha khanga. Ndiyo mara ya kwanza kumwona uso wote baada ya wiki kadhaa, na nikiri kama mtaalamu: kazi ilikuwa safi. Sharubu zimejipanga sawasawa, mashavu yamesambaa bila mapengo. Nilihisi kitu ambacho sikitaji. Alijishika kidevu, akakaa hivyo, kisha akainua macho, akanitazama. Siyo ukutani. Mimi. Akatazama uwaraza wa kulia, akatazama wa kushoto, akapanda mpaka kwenye kirasi.

"Na wewe umepaka dawa hii hii?"

"Ndiyo, mama."

"Muda sawa na mimi?"

"Nimekutangulia wiki moja."

Mama mkwe akatikisa kichwa kwa masikitiko ya dhati kabisa. "Mie nilikuwa naanza na Bismillahi," akasema. "Wewe ulikuwa unaanza na nini?"

Tulimpeleka kupimwa mchana ule. Presha yake ilikuwa nzuri kuliko yangu. Kombe alilinywa hata hivyo, maana lilishalipiwa na lilishafika na basi. Zile ndevu zilichukua miezi mitatu kupukutika, akiwa ameshanunuliwa wembe wake na ameshajua kuutumia. Mimi niliacha dawa mwezi wa tano na kumwambia kinyozi afuate mstari wa sasa.

Juzi kanipigia simu mwenyewe, bila kupitia kwa mke wangu. Baada ya salamu ndefu za hali ya mvua na bei ya nazi, akateremsha sauti. Baba mkwe wangu, ambaye kipara chake kinaonekana kutoka barabarani, anaulizia kama lile duka la dawa bado lipo. Nimetuma chupa mbili kwa basi la asubuhi, ndani ya maboksi yake yenyewe, nimeyafunga kwa gundi ya karatasi na kuandika kwa kalamu nene pande zote sita: SI MARASHI.