Sweta Lililokataa Timazi

Kabla hujacheka, ujue kwanza kwamba mimi ni fundi ujenzi, na kuta nilizosimamisha hapa Njombe kwa miaka 15 zote bado ziko wima. Nalisema hili mapema kwa sababu kuna kanisa zima mjini hapa linalonifahamu kwa kitu kingine, na kitu hicho hakikuwa wima hata kidogo.

Kufuma alinifundisha mama, kwetu Iringa, nikiwa darasa la tatu. Sindano zangu zilikuwa spoku mbili za baiskeli ya baba. Yeye alihangaika mwezi mzima akijiuliza gurudumu la nyuma linachezacheza nini, na mimi nilikuwa chini ya mparachichi nafuma kitu ambacho kingeitwa skafu kama kingekuwa na mwisho. Nilipokuwa kijana niliacha, kwa aibu. Nilipokuwa fundi nikarudia, kwa sababu ya mvua. Masika ya Njombe hayana adabu: unapiga lipu asubuhi, jioni unaiokota kwenye mtaro. Kazi hulala miezi na miezi, na huo ndio msimu ambao ulanzi, pombe ya mianzi, unatiririka. Wenzangu huenda kwenye ulanzi, mimi huchukua sindano. Mke wangu mwanzoni aliona haya mbele ya majirani, mwanaume mzima na mpira wa uzi mapajani. Kisha akapiga hesabu ya ulanzi na hesabu ya uzi, haya ikamtoka.

Ningeishia hapo ningekuwa na heshima zangu. Lakini jioni moja ya Januari nikaona kwenye simu video ya mama mmoja wa milima ya Peru. Anapanda kilima, mtoto mgongoni, anaongea na mwenzake, na mikononi anasokota sufu ya kondoo kuwa uzi, kijiti kinazunguka chini kama pia. Hakitazami hata. Nikajiambia, kama yeye anaweza huku anapanda mlima, mimi niliyekaa kwenye kigoda nitashindwa nini?

Nilianza na kondoo wa jirani. Nilimwomba ruhusa, nikamnyoa mmoja kwa mkasi wa mke wangu, nikapata kitu kinachofanana na ndevu za wiki moja. Kondoo wetu wengi, kumbe, ni wa nywele. Mungu aliwapa mkia mnene na nyama, sufu akawapa wengine. Jirani akataka kujua nani atamlipa kondoo wake blanketi, maana ilikuwa na baridi. Tukaelewana kwa nusu debe ya viazi.

Nina rafiki dereva anayepeleka parachichi Kenya. Nikamwambia, ukifika kule Molo kwenye kondoo wa sufu, niletee kilo tano, pesa hii hapa. Baada ya siku tisa akashusha gunia kubwa mlangoni, jepesi ajabu. Nafungua: sufi. Ile ya msufi, ya kujazia mito.

"Si ulisema sufi?"

"Nilisema sufu."

"Sasa ndugu yangu, tofauti ni herufi moja tu! Nami nimekuokoa, hii nimeipata njiani Tanga, bei rahisi."

Nilijaribu kuisokota. Sufi ni fupi na inateleza kama imepakwa mafuta. Kila ukivuta inakuacha na vumbi puani. Ikawa mito minne, tunailalia mpaka leo.

Safari ya pili akaleta sufu yenyewe. Ilitangulia harufu, kisha lori, kisha dereva aliyefungua madirisha yote mawili. Sufu mbichi ina mafuta ya kondoo mwenyewe, ina jasho lake, ina majani, mbegu zenye miiba, na ina yale ambayo kondoo huacha nyuma akitembea. Lazima ioshwe, na maji yawe ya moto, la sivyo mafuta hayatoki. Hapo nilikuwa sahihi. Tatizo ni kwamba fundi ujenzi akiona beseni, maji, na kitu kilichomwagwa ndani yake, mkono wenyewe unatafuta koleo.

Nikakoroga. Nikatia sabuni ya unga, nikakoroga tena, kushoto, kulia, kutoka chini kwenda juu, kama zege la msingi. Saidia fundi wangu alipita, akauliza uwiano ni ngapi kwa ngapi. Baada ya nusu saa nikaona mzigo unakuwa mgumu. Nikafurahi! Mimi nikiona kitu kinakaza nafurahi, ndiyo kazi yangu. Kumbe unyoya wa kondoo, mwembamba vile, umefunikwa na magamba madogo yaliyolaliana kama vigae vya paa. Ukiutia kwenye maji ya moto na sabuni vigae vinafunguka, na ukiukoroga vinanasana na vya jirani yake, basi hapo hata malaika haachanishi. Kilo mbili nzima zikatoka zimekuwa bamba moja la unene wa vidole viwili. Nimefanya kazi na saruji za kila aina, sijaona iliyoshika vile. Mke wangu aliligonga kwa ngumi, akatikisa kichwa, akaliweka mlangoni tufutie miguu. Halijachakaa hata uzi mmoja, kwa vile halina uzi.

Kilo tatu zilizobaki niliziloweka nikatoka nje, nikakaa mbali, mikono nimeikalia. Zilipokauka zilikuwa nyeupe, na uzito umeshuka karibu nusu. Yote yaliyopungua yalikuwa mafuta na uchafu, kwa hiyo kondoo yule alikuwa mwembamba kuliko alivyojitangaza. Nikazichana kwa brashi mbili za waya, zile za kutolea kutu kwenye nondo, moja dhidi ya nyingine, mpaka zikawa mawingu.

Sasa kijiti. Kijiti cha kusokotea kinahitaji uzito chini ili kizunguke bila kuyumba. Nikafikiri: katika nyumba hii ni kitu gani chenye uzito, kilicho sawa pande zote, kinachoning'inia wima kwa amri ya Mungu? Timazi! Ile timazi yangu ya shaba, ya kupimia kama ukuta uko wima, niliyoachiwa na fundi aliyenifundisha kazi. Nikaifunga kwenye kijiti, nikazungusha. Ilizunguka vizuri sana, mara moja. Kisha uzi ukakatika na timazi ikashuka kwenye kidole gumba cha mguu wa kulia. Nikaunga uzi. Ikashuka kwenye kidole kilekile. Mara ya tatu niliinua mguu kwa wakati, ikatoboa beseni.

Baadaye nilielewa kwamba kijiti cha namna ile uzito wake unapaswa kuwa kama wa yai au pungufu, na timazi ile ni mayai sita. Mke wangu, aliyekuwa anamenya viazi na kutazama mateso yangu bila kusema neno, akanirushia kiazi kimoja kidogo. Nikakichoma kijiti katikati. Basi hicho kiazi mviringo cha Njombe ndicho kilichonifundisha kusokota. Unavuta sufu kidogo, unazungusha kijiti, msokoto unapanda wenyewe, mawingu yanageuka uzi mbele ya macho yako. Sijui nikuelezeje. Nimejenga nyumba za vyumba vitano nisipate raha ile. Kiazi kilipochipua nikabadilisha kingine. Mpaka Machi nilikuwa nimetumia viazi saba, na vinne kati yake tulikula.

Dosari yangu ilikuwa woga. Kwa sababu ya kile kidole, nilichukia uzi kukatika, na dawa ya uzi kukatika niliona ni kuusokota zaidi. Nikausokota. Nikauongeza. Ulikuwa mgumu kama waya wa kufungia nondo, na ukiulegeza kidogo tu unajikunja kama mkia wa nguruwe. Niliposoma kwamba uzi hulowekwa ukaanikwa ili utulie, nikauloweka, nikautundika darini, na chini yake, kwa furaha kubwa, nikaning'iniza timazi. Hatimaye imepata kazi yake! Ulipokauka ulikuwa umenyooka kama kona ya nyumba. Nikamwita saidia fundi aje aone. Yeye ni Mngoni wa Songea na mimi ni Mhehe, watani tangu mababu zetu walipoacha kuchinjana, kwa hiyo alitazama uzi ule kwa muda mrefu akitafuta kasoro, akakosa. Nilipaswa kushtuka hapo hapo.

Nikamfumia baba mkwe sweta. Baba mkwe ni mzee wa kanisa, mtu wa maneno machache, na Juni yetu ni ya jalidi nyeupe kwenye majani ya viazi asubuhi. Nilimpelekea Jumamosi. "Kamwene, baba, shikamoo." Akalivaa hapo hapo. Lilimkaa sawasawa: mshono wa ubavu ubavuni, shingo katikati. Akapapasa kifua, akasema, "Mwanangu, hili ni joto la kondoo mwenyewe." Nilirudi nyumbani natembea kama diwani.

Wiki tatu alilivaa bila kulivua. Kisha mama mkwe akalifua. Alilifua vizuri mno, maji ya baridi, mkono mwepesi, kama nilivyomwagiza. Akalianika kivulini. Na uzi ule, ulipopata maji na hauna timazi ya kuuvuta, ukakumbuka kila mzunguko niliousokota kwa woga tangu Januari. Kuning'iniza uzito hakuondoi msokoto, kunauficha tu mpaka siku ya kufuliwa.

Jumapili hiyo mimi nimekaa benchi la nne na mke wangu. Wakati wa sadaka ukafika, baba mkwe akasimama na kikapu, akaanza kuja kwenye njia ya katikati. Nikaona watu wa mabenchi ya mbele wanainamisha vichwa. Si kwa maombi. Wanavilaza upande mmoja, kama kuku anayetazama mwewe.

Sweta lilikuwa limejisokota mwilini mwake. Mshono wa ubavu wa kulia ulianzia kwapani mahali pake, ukakata tumbo kwa mshazari, ukaishia karibu na kitovu. Wa pili ulikuwa umezunguka mgongoni. Pindo la chini upande mmoja liko nyongani, upande mwingine limepanda mpaka mbavu. Mzee mwenyewe amenyooka, anatembea kwa heshima zote, lakini ukimtazama unaona mtu anayepigwa na upepo wa Makambako ndani ya jengo lililofungwa madirisha. Mtoto mmoja akamwambia mama yake kwa sauti, "Babu anageuka lakini hajageuka." Mke wangu alikuwa ameficha uso kwenye kitabu cha nyimbo, na mabega yanatikisika.

Baada ya ibada, nje, watu wakamzunguka. Naye, Mungu ambariki, akawaambia wote kwa fahari, "Amenifumia mkwe wangu. Yule fundi ujenzi."

Hilo neno la mwisho ndilo lililoniumiza. Kwenye lile kundi alikuwamo mwalimu mstaafu ambaye nilikuwa namjengea nyumba, ukuta umefika usawa wa madirisha.

Jumatatu saa moja na nusu asubuhi nafika saiti, namkuta mwalimu tayari yuko pale, ana pimamaji mpya, bei bado imebandikwa. Hakunisalimia kwa maneno mengi. Akaweka pimamaji kwenye ukuta wa kwanza, akachuchumaa kutazama kitone cha hewa. Ukuta wa pili. Wa tatu. Kila mlango. Akaomba na timazi yangu. Nikaitoa mfukoni, imejaa manyoya ya sufu kwenye kamba, akayatoa moja moja bila kusema kitu. Akaishusha kwenye kona. Tulisimama sote tunaitazama ikitulia, hata wabeba tofali waliacha kazi. Ikatulia. Kona ilikuwa wima.

Mwalimu akavuta pumzi. "Ukuta umenyooka," akasema. "Sasa niambie ukweli, fundi. Huu uliujenga kabla ya lile sweta au baada?"

Saidia fundi wangu akaketi chini kwenye mchanga akacheka mpaka akashika mbavu, na tangu siku hiyo nikimwambia apandishe tofali anauliza, "Tupandishe za wima au za baba mkwe?"

Jioni nikampigia mama Iringa. Alinisikiliza, akanyamaza, kisha akauliza, "Wewe umeshaona kamba ya uzi mmoja? Hata ya kufungia mbuzi?" Nikasema hapana. "Basi." Alitaka kukata simu, nikamsihi aeleze. Nyuzi mbili, akasema. Zote unazisokota upande mmoja, kisha unaziunganisha kwa kuzisokota upande wa pili. Huyu anavutia huku, yule anavutia kule, zinatulia zenyewe. Watani hao. Miaka yote namtazama akisokota kamba barazani, na haikunijia kichwani.

Mwezi mzima nilisokota upya, nyuzi mbili mbili, viazi vitatu. Nikafuma sweta la pili. Safari hii nililifua mwenyewe kwanza, mara mbili, nikalivaa mbele ya kioo, saidia fundi ameshika timazi begani mwangu. Mshono uko ubavuni.

Nikampelekea baba mkwe, nikaomba radhi, nikasema lile la kwanza anirudishie nilifumue. Akalipokea hili jipya, akalikunja vizuri, akaliweka kabatini.

"La zamani siwezi kukupa, mwanangu," akasema. "Ni kweli lilikuwa linanipeleka kushoto. Lakini nimegundua ukiligeuza ndani nje linakupeleka kulia." Akanitazama kwa uso wa mzee wa kanisa kabisa. "Kwenda kanisani nalivaa hivi. Kurudi nageuza."