Nani mwenye mamlaka ya kumtoa mtu katika Uislamu?

Mwaka 1954 majaji wawili wa Pakistan, Muhammad Munir na M. R. Kayani, walitoa ripoti kuhusu ghasia dhidi ya Waahmadiyya, wafuasi wa Mirza Ghulam Ahmad wa India, zilizotokea Punjab mwaka uliotangulia. Walikuwa wamewaita maulamaa na kuwauliza swali ambalo mtoto wa madrasa angelijibu bila kusita: Mwislamu ni nani? Kila mmoja alikuja na lake. Majaji wakaandika kwamba hawakupata hata wawili waliokubaliana.

Tarehe 7 Septemba 1974 Bunge likalimaliza swali hilo kwa kura: katiba ikarekebishwa, Waahmadiyya wakatangazwa kuwa si Waislamu. Mwaka 1984 Jenerali Zia-ul-Haq, mtawala wa kijeshi wa nchi hiyo, akaongeza amri yake. Mwahmadiyya akijiita Mwislamu, akiadhini, au akiita mahali pake pa ibada msikiti, kifungo ni hadi miaka 3. Hata kaburi la Abdus Salam, mwanafizikia Mwahmadiyya aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1979, halikuachwa: neno "Mwislamu" lilifutwa kwenye jiwe lake.

Ni rahisi kusoma habari hii na kuona kwamba ni upande mmoja tu wenye hoja. Lakini kwamba Mtume Muhammad ndiye wa mwisho si jambo la pembeni katika Uislamu. Mirza Ghulam Ahmad, aliyeanzisha jumuiya hiyo mwaka 1889, alidai unabii. Wafuasi wake wanasema ni unabii ulio chini ya Mtume, usioleta sheria mpya. Kundi la Lahore, lililojitenga mwaka 1914, linamhesabu kuwa mujadidi tu, yaani mhuishaji wa dini. Kwa Sunni na Shia mlango huo ulishafungwa, na dini isiyoweza kusema "hili si letu" haina cha kurithisha watoto wake.

Tena Waahmadiyya nao wana mpaka wao. Hawasali nyuma ya imamu asiye wa kwao. Zafrulla Khan, Mwahmadiyya aliyekuwa waziri wa kwanza wa mambo ya nje wa Pakistan, hakujiunga na sala ya jeneza la Jinnah, mwasisi wa nchi hiyo, mwaka 1948. Khalifa wao wa pili aliwahi kuandika kwamba wasiomkubali Mirza wako nje ya Uislamu. Kukufurishana, basi, hakukuanzia upande mmoja.

Huku kwetu Afrika Mashariki ugomvi huo ulipiganwa zaidi kwa vitabu. Mwaka 1953 ilitoka Nairobi tafsiri ya Kurani kwa Kiswahili ya Sheikh Mubarak Ahmad, mmisionari wa Ahmadiyya. Sheikh Abdullah Saleh al-Farsy wa Zanzibar hakukimbilia serikalini kuomba ipigwe marufuku; alikaa akatafsiri yake, ikatoka kamili mwaka 1969, na humo kwenye maelezo anawajibu Makadiani, jina ambalo wapinzani huwaita Waahmadiyya, bila kuwabembeleza. Msomaji akabaki na vitabu viwili, achague. Na Sheikh Kaluta Amri Abedi, Mwahmadiyya mzaliwa wa Ujiji, akawa meya wa Dar es Salaam, kisha Waziri wa Sheria. Uwanja wa mpira wa Arusha una jina lake, na sijasikia shabiki akiuliza itikadi ya marehemu kabla ya kukata tiketi.

Watetezi wa Pakistan watasema dola haiwezi kukaa kando: kuna ndoa, kuna mirathi. Hiyo ni kweli. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikutana na tatizo hilohilo kwenye Mahakama za Kadhi. Kifungu cha 170 kinataka pande zote ziwe zinakiri dini ya Kiislamu na ziyakubali mamlaka ya mahakama hiyo. Hakiwadai wawe wa madhehebu fulani. Asiyemwamini kadhi anakwenda mahakama ya kawaida.

Ndiyo maana mimi sina ugomvi na msikiti unaomnyima Mwahmadiyya uimamu, hata ukikataa kumswalia maiti wake. Hayo ni yao. Ugomvi wangu ni na ofisi ya pasipoti ya Pakistan, ambako anayejiandikisha kuwa Mwislamu hutakiwa kwanza kutia saini tamko la kumkana Mirza, karani wa serikali akisubiri fomu.